Jinsi Kaseti za Khatibu Zilivyooshwa

Kwa jina lake Manani,
Mjuzi wa ya moyoni,
Ninaanza kubaini
Yaliyobaki na kwisha.

Baada ya kumtaja Mola na kumtakia rehema Mtume wake, yafaa wahusika wa habari hii wapangwe kila mmoja mahali pake, msomaji asije akapotea njiani. Wa kwanza ni Khatibu bin Saidi, mwenye duka katika mji wa Kasulu, mtu wa swala tano, mwenye maneno machache nyuma ya meza ya duka na mengi mno akikaa barazani. Wa pili ni binti yake Zena, aliyeolewa na dereva wa lori, ua wa nyumba yake ukigusana na ua wa baba. Wa tatu ni marehemu Kuruthumu, mke wa Khatibu na mama wa Zena, mzaliwa wa Kumsenga, ambaye habari hii inapoanza alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Wa nne ni Maalim Hamis wa Kibondo, ambaye Khatibu na Zena, kila mmoja kwa zama zake, walikaa mkekani kwake wakajifunza herufi. Waliobaki watatajwa watakapobisha hodi.

Kinasa-sauti, ambacho watu wa Kasulu walikiita tepu, kiliingia nyumbani kwa Khatibu kwa njia ya Manyovu, mwaka mmoja baada ya wakimbizi wa Burundi kumiminika milimani. Alikinunua kwa fedha aliyoipata katika mafuta ya mawese, fedha ambayo ndani ya nyumba ilikuwa imekwisha kupewa jina la mabati. Kuruthumu alinung'unika msimu mzima wa mvua. Khatibu akavumilia, kwani hakikuwako chombo kama kile baina ya Kasulu na Kibondo, naye alikipenda kama mtu anavyopenda mgeni aliyetoka mbali.

Punde kikawa na kazi. Asiyejua kuandika alikuja dukani, akaketi juu ya gunia la chumvi ya Uvinza, akasema salamu zake mbele ya tepu. Kaseti ikafungwa kwa kitambaa, akapewa kondakta wa basi, ikasikilizwa Kibondo au Gwarama, kisha ikarudi na majibu upande wa pili. Khatibu alinasa pia maulidi, harusi, mawaidha ya Ijumaa, taarifa za habari, hata jogoo wa jirani. Yote hayo aliyaweka ndani ya sanduku la mbao la majani ya chai lililokaa chini ya kitanda.

Hapo ndipo lilipoingia kosa lake, na lilikuwa kosa la mcha Mungu. Khatibu alifundishwa tangu utoto kwamba karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jalalani wala haikanyagwi. Sasa, katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyefungua kinywa mbele ya tepu bila kuanza na jina la Mungu. Waislamu walianza na Bismillahi na salamu ndefu. Wakristo walianza na Tumsifu Yesu Kristo. Hata aliyekuja kudai mbuzi wake alianza na rehema na amani. Kwa hiyo kila kaseti ilikuwa na jina tukufu mlangoni, na Khatibu hakuthubutu kuifuta hata moja. Alipohitaji kunasa jambo jipya alitafuta ncha iliyobaki wazi mwishoni mwa utepe, akalichomeka humo. Sanduku likajaa. Hotuba ya Idi ikaanzia mkiani mwa harusi, ikaishia mkiani mwa bei za pamba. Mwenyewe hakujua tena kipi kiko wapi, ila kaseti moja tu, aliyoifunga katika kipande cha kanga na kuilaza chini kabisa.

Mwaka wa vita vya Kagera, vita vikiwa ndio kwanza vimekwisha na maduka yakiwa matupu, mwezi wa Shaabani uliandama. Kondakta wa basi la Kibondo akafika dukani na ujumbe.

"Mzee Khatibu, shikamoo. Maalim Hamis anakusalimu. Anasema kifua chake kimechoka. Anasema uje na tepu yako kabla ya Ramadhani, umnase ile qasida yake ya maulidi."

"Marahaba. Ni mgonjwa sana?"

"Anakaa barazani, anapokea wageni. Lakini akisema neno anapumzika kabla ya la pili."

Khatibu alielewa. Maneno ya qasida ile yalikuwa yameandikwa, tena katika mikono ya watu wengi. Mahadhi yake ndiyo yasiyoandikika. Maalim aliyapokea kwa mwalimu wake Ujiji, naye kwa mwalimu wake wa pwani, na kwa mahadhi hayo watu wa Kibondo na Kasulu walikuwa wakisimama kila maulidi, hata mawe yakadhaniwa yanaitikia. Wanafunzi waliyajua vipande. Aliyeyajua mazima ni Maalim peke yake. Akiondoka bila kunaswa, mahadhi yataondoka naye.

Kaseti mpya hazikuwako. Duka la ushirika lilicheka, na wale wa njia za Manyovu walisema labda mwezi ujao, kama Mungu atafungua. Khatibu akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalimwaga juu ya mkeka. Zena alikuja na uji, akasimama mlangoni akitazama kilima kile.

"Baba, leo unafungua soko?"

"Natafuta nafasi ya Maalim."

"Katika hizo? Hata sindano haipati nafasi."

"Lakini nilikwisha kumnasa, maulidi ya mwaka ule wa njaa. Tukimpata humo, safari ya Kibondo itakuwa ya kumjulia hali tu."

Wakakaa kumtafuta. Waliipata sauti ya Maalim karibu na adhuhuri, safi na yenye nguvu za zamani, ikapanda ubeti wa kwanza, ikapanda wa pili, na ilipofika pale mahadhi yanapogeuka, utepe ukafika mwisho. Kipande kilichofuata walikikuta katika kaseti nyingine baada ya mtu aliyekuwa akieleza ugonjwa wa migomba, nacho kilikuwa kimelaliwa na sauti ya kuku. Kingine hawakukipata kabisa. Khatibu alizima tepu, akabaki ameikamata kwa mikono miwili.

"Nilikuwa naye," akasema. "Nilikuwa naye mzima, nikamkata vipande kwa ajili ya kumhurumia mtu wa migomba."

Zena akaketi. "Futa baadhi, Baba."

"Zina jina la Mungu."

"Na ubao wangu wa chuoni ulikuwa na nini? Si aya tupu? Maalim mwenyewe alikuwa akituamuru tuuoshe."

Khatibu akaukumbuka ule ubao wa mti, wino wa masizi na gundi, na mtungi uliokaa pembeni mwa mkeka. Somo likiisha, ubao uliingizwa majini, na aya iliyokuwa pale asubuhi haikuwako mchana. Hakuna aliyesema kwamba ni dhambi.

"Ila mimi nilichapwa," Zena akaendelea, akitabasamu, "kwa sababu niliosha kabla sijahifadhi. Nilitaka kwenda kucheza. Maalim akanishika sikio, akaniuliza: Umeyaweka wapi yale uliyoyaosha? Nikamwambia, ndani ya mtungi."

Khatibu akacheka, jambo ambalo sanduku lile lilikuwa halijamfanyia siku nyingi. Kisha akasimama, akatia udhu, akarudi. Sharti alikuwa amelipata. Haoshi kaseti mpaka mwenye maneno, au mrithi wake, awe ameisikia na kuichukua kifuani. Na kama vile maji ya ubao yalivyomwagwa pasipokanyagwa, hataosha kwa pupa, wala kwa mikono isiyo na udhu.

Basi watu wakaitwa. Pasikali mchinja nyama alikuja na shoka lake begani, akaisikia sauti yake ya ujana ikimsifia msichana mmoja wa Gwarama na kumwahidi ng'ombe ambao hata sasa hajawapata.

"Futa, Mzee," akasema kabla haijafika nusu. "Ungeifuta kabla yeye hajaisikia ningekuwa na heshima yangu mpaka leo."

"Sikiliza mpaka mwisho, Pasikali. Ndilo sharti."

"Mwisho naujua. Aliolewa na mwalimu."

Lakini alisikiliza, na mwishoni alikuwa akiitikia kwa midomo bila sauti. Alipoondoka alisahau shoka, ikabidi arudi.

Wengine walicheka, wengine waliomba waisikie tena. Stanislaus, mkulima aliyekuja na mama yake kutoka Burundi wakati wa yale mauaji, alifika baada ya misa akiwa na koti. Kaseti yake ilikuwa na salamu za mama kwa ndugu yake aliyepelekwa makazi ya Katumba. Ilikwenda ikarudi, kwa sababu ndugu yule alikuwa amefariki kabla haijafika. Na mama naye akafuata. Kikongwe kwenye utepe akatamka jina la Yesu, akawataja watu kwa Kirundi, mmoja mmoja, akiuliza kila mmoja kama anakula na kulala. Stanislaus alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Baadhi yao alikuwa akiniuliza kama nawajua, nami nikamwambia sijui," akasema. "Sasa nimewasikia tena. Nikifika nyumbani nitawaambia watoto majina." Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Osha, Mzee Khatibu. Anawauliza watu ambao sasa amekwisha kuonana nao."

Siku zilivyokwenda, kaseti zikaoshwa. Khatibu alibonyeza vidude viwili kwa pamoja, tepu ikavuta ukimya, na utepe ukawa mweupe kwa masikio. Nyumba ikaanza kupata hewa. Ajabu ni kwamba hakujiona amepungukiwa. Mambo aliyoyakusanya miaka mingi bila kuyasikiliza alikuwa sasa anayajua, na akikutana na watu njiani aliwakumbuka kwa sauti zao za zamani, akawasalimu kwa upole zaidi.

Zilipokuwa tayari alizipeleka, pamoja na tepu yenyewe, kwa Felisiani fundi redio, karibu na stendi. Felisiani aliifungua, akatia pamba katika spiriti, akasugua kile kichwa kidogo kinachonasa, pamba ikatoka nyeusi.

"Ulikuwa unanasa na masizi humu," akasema. "Sasa itafuta vizuri. Zamani ilikuwa inaacha mabaki, sauti moja chini ya nyingine. Haitaacha tena." Kisha akaijaribu kaseti moja, akaitoa. Akajaribu nyingine, tepu ikaitafuna. "Hizi zimechoka, Mzee. Zimekwenda Kibondo na kurudi mpaka utepe umekunjamana. Qasida ndefu itakatika katikati."

"Hakuna hata moja?"

Felisiani akachambua mfuko mpaka chini, ambako Khatibu, kwa kuogopa kuibiwa nyumbani, alikuwa ameitia ile iliyofungwa kanga. Akaifungua, akaielekeza kwenye mwanga. "Hii. Hii ni nzima kama imetoka dukani leo. Kwa nini hii haijachakaa?"

Khatibu akakiokota kile kipande cha kanga. "Haijachezwa," akasema.

Ilikuwa kaseti ya kwanza, iliyokuja ndani ya tepu siku ile ile ilipotoka Manyovu. Ndani yake alikuwamo Kuruthumu. Tangu azikwe, Khatibu hakuwa ameisikiliza. Alijiambia anaitunza, na kweli aliitunza, hata akafika mahali ambapo hakumbuki tena mkewe alisema nini ndani yake. Alijua tu kwamba yumo.

Alirudi nyumbani, akala kidogo. Zena aliona kanga ya mama yake juu ya mkeka, akaketi bila kuuliza.

"Maalim hana pengine pa kukaa," Khatibu akasema. "Felisiani anasema ni hii tu."

"Na Mama?"

"Sijui, mwanangu. Niambie wewe."

Zena akaigeuza kaseti mkononi. "Mimi nimekaa miaka yote hii nikiogopa kukuomba niisikie. Kwanza tuisikie. Mengine utaamua mwenyewe, sitakulaumu kwa lolote."

Khatibu akatia udhu. Akabonyeza. Ikasikika kwanza sauti yake mwenyewe, changa na yenye majivuno: "Bismillahi Rahmani Rahim. Huu ni mji wa Kasulu. Majaribio." Kisha kwa mbali, kutoka jikoni, akaja yeye.

"Baba Zena, unasema na nani?"

"Na tepu. Njoo useme neno."

"Mabati yangu ndiyo hayo? Mabati yenye vitufe?"

"Njoo, mama. Linanasa."

"Na linase. Mvua ikija tutalilaza juu ya paa, tuone kama litaziba." Hatua zikasogea, bangili zikalia karibu sana. "Niseme nini? Bismillahi. Mimi Kuruthumu, mke wa mtu aliyeuza mawese akanunua sauti yake mwenyewe. Ni mzima. Mboga iko motoni. Sina zaidi." Akacheka kidogo, lile cheko la kuvuta pumzi ndani. Kisha akageuza uso na kupaza: "Zena, anua nguo, mvua inakuja!" Na silabi ya mwisho akaipandisha juu, kama wafanyavyo watu wa Kumsenga wakiita ng'ambo ya bonde.

Baada ya hapo hapakuwa na maneno. Khatibu alikuwa amesahau kuzima. Palikuwa na mvua juu ya paa la nyasi, mvua isiyo na kelele, na maji yanayovuja yakidondoka ndani ya sufuria, tone na tone, mpaka utepe ukaisha.

Zena alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga ile ile.

"Alikuwa bado ana hasira za mabati," akasema.

"Niliyanunua mwaka uliofuata. Hakuyasikia ila mvua mbili." Khatibu akarudisha utepe mwanzo. "Tena."

Wakasikiliza tena, na tena, wakifuatisha kwa midomo kama walivyofuatisha zamani kwa Maalim, mpaka Zena akaweza kuyasema yote tangu jikoni hata cheko, na Khatibu akaweza kumsahihisha. Kabla ya alasiri, Khatibu akaizima tepu na kuifunga ndani ya mfuko wa safari. Hakuiosha pale.

Barabara ya Kibondo ilikuwa vumbi jekundu. Khatibu aliipakata tepu magotini mpaka wakafika. Maalim Hamis alikuwa barazani, mwembamba ndani ya kanzu, miguu imefunikwa shuka.

"Khatibu. Umeleta lile sanduku lako la kiburi?"

"Nimelileta, Maalim. Shikamoo."

"Marahaba. Nina pumzi ya mara moja, usiniambie nirudie. Kaseti yako ina kitu?"

Khatibu angeweza kusema haina. "Ina mke wangu," akasema.

"Umemhifadhi?"

"Nimemhifadhi, Maalim."

"Nisomee."

Na pale barazani, mbele ya mwalimu wake, mzee mwenye ndevu za mvi akakunja miguu, akasoma: Baba Zena, unasema na nani; mabati yenye vitufe; sina zaidi; anua nguo, mvua inakuja. Neno hakuliacha hata moja. Alipofika kwenye sufuria alishindwa namna ya kuisoma, akagonga kwa kidole sakafuni, pole pole.

Maalim Hamis akatikisa kichwa kwa namna ile ile aliyoitumia mwanafunzi akifaulu. "Vema," akasema. "Osha ubao."

Khatibu akabonyeza vile viwili kwa pamoja.

Maalim alisoma qasida tangu ubeti wa mwanzo. Sauti ilikuwa nyembamba, na baina ya beti pumzi zake zilisikika kama mtu anayepanda kilima. Pale mahadhi yanapogeuka aligeuka nayo, bila kuteleza, na Khatibu aliyekuwa ameshika tepu akajikuta anaitikia kimoyomoyo, asije akaingia ndani ya utepe. Upande wa kwanza ukaisha, ukageuzwa. Beti za mwisho zilikuwa dua. Maalim alipozimaliza aliegemea ukuta, macho ameyafumba, na Khatibu akazima.

Maalim aliitikia wito kabla ya mwezi wa Ramadhani kutoka. Katika maulidi yaliyofuata, watu wa Kasulu walikaa kuizunguka tepu wakajifunza mahadhi yake beti kwa beti, na Khatibu alikuwa mkali: hakumruhusu mtu kusema anayajua mpaka aweze kuyasoma tepu ikiwa imezimwa.

Sanduku la majani ya chai alimpa Zena, akatia nafaka. Chini ya kitanda palibaki wazi, na kaseti iliyobaki, ile ya Maalim, ilikaa rafuni kando ya msahafu.

Mchana mmoja, msimu wa mvua ulipoanza, Khatibu alikuwa amelala kidogo baada ya adhuhuri. Upepo ukapita, mlango ukagonga. Kutoka ua wa pili Zena alikuwa akimwita binti yake mdogo, bila kufikiri, kama mtu anavyoita kila siku:

"Shamsia, anua nguo, mvua inakuja!"

Na silabi ya mwisho ikapanda juu, ng'ambo ya bonde. Kisha mvua ikafika na kuyapiga mabati kwa nguvu zake zote, hata Khatibu asisikie kitu kingine. Alilala macho wazi, akaisikiliza kwa niaba ya mwingine, mpaka ikakatika.

Ewe Mola uliyehifadhi yote yaliyooshwa, warehemu Maalim Hamis na Kuruthumu na yule mama aliyeuliza watu kwa majina. Na hawa waliobaki, Khatibu na Zena na Shamsia na Stanislaus na watoto wake, na Pasikali pamoja na shoka lake, wape vifua vipana na nyumba nyepesi, na umjaalie kila mmoja wao mtu wa kumwita mvua ikija. Amina.